Jumatatu haina kosa: tenki la samaki la ofisini na uchovu wangu wa kuanza wiki

Hii naiandika kwa watu wawili. Wa kwanza ni yule ambaye Jumatatu akiamka mwili mzito utadhani hajalala kabisa, na wikiendi nzima alikuwa nyumbani. Wa pili ni yule mwenye tenki la samaki wa mapambo na kila akigeuka kuna mmoja anaelea tumbo juu. Mimi nilikuwa wote wawili kwa mpigo, na imenigharimu muda na hela kuja kuelewa kwamba matatizo yote mawili yalikuwa yanapikwa kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku, Jumatatu ilikuwa inapakuliwa tu.

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya mizigo hapa Mwanza mjini, upande wa Makoroboi. Bosi alirudi safari na wazo la kuweka tenki pale mapokezi ili wateja wakisubiri makaratasi yao wapumzishe macho. Tenki likaja, zuri kweli, akaangalia huku na huku nani wa kulihudumia, akanikazia macho mimi, wewe si mtu wa Ukerewe, samaki unawajua. Aisee samaki ninaowajua mimi ni sato, sangara, dagaa na furu wa kukausha, na wote nimewajulia kwenye sufuria. Nilivyompigia mama kumwambia kwamba kazini nalisha samaki wasioliwa alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo mwanangu mnawafuga ili mtazamane?"

Fundi aliyelileta alijaza maji ya bomba, akaweka changarawe, pampu ndogo ya hewa na filta ya sponji, akamimina samaki siku hiyo hiyo akachukua chake akaondoka. Goldfish, gapi na moli wote pamoja, maana bosi alichagua kwa rangi. Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba tenki jipya ni sumu inayosubiri. Samaki anatoa uchafu, chakula kinachobaki kinaoza, vyote vinageuka amonia, na amonia inaunguza yale matamvua mekundu ya ndani ya mashavu ambayo ndo anapumulia. Kwenye tenki lililokomaa kuna bakteria wanaokaa kwenye sponji na kwenye changarawe, hao wanaibadilisha amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu kundi lingine linaibadilisha kuwa naitreti ambayo ina nafuu na unaitoa kwa kubadilisha maji kidogo kidogo. Hao bakteria wanahitaji kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga. Kwa hiyo ukinunua tenki leo, samaki wasubiri, au weka wachache sana na ulishe kwa mkono wa birika.

Sisi tuliweka kundi zima, na tukaanza kupoteza samaki, ila kuna kitu cha ajabu nilikiona. Walikuwa wanaumwa Jumatatu. Nafika saa mbili kasoro, macho mazito, shingo inauma, nakuta wote wako juu kabisa wanahema midomo wazi, mapezi wameyabana mwilini, mmoja au wawili wameshaondoka. Jumanne wanachangamka kidogo, Alhamisi wako vizuri wanakimbizana, naondoka Ijumaa roho safi, Jumatatu tena vilio. Jamaa wa kaunta akaanza utani kwamba hata samaki wa ofisi hii hawapendi kuja kazini.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Naishi Igoma, ili niwahi daladala naamka saa kumi na moja alfajiri, katikati ya wiki sina shida kabisa, lakini Jumatatu naamka kama nimepigwa na kitu. Kichwa kizito, hasira za bure, mteja akiuliza mara mbili namwangalia vibaya. Nilianza na vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo, kopo la asubuhi, baadae na la saa kumi jioni, ukipiga hesabu kwa mwezi ilikuwa ni hela ya umeme wa nyumbani kabisa, na usiku macho yanatoka kama taa. Sikujua kwamba kafeini ukinywa, masaa matano sita baadae karibu nusu yake bado iko mwilini. Kopo la saa kumi jioni saa nne usiku bado unalo nusu.

Sasa unganisha hivyo vitu viwili uone. Mtu aliyechoka, Jumatatu asubuhi, mbele ya tenki lenye samaki wanaokufa, wateja wanaingia, bosi anauliza kuna nini. Uamuzi unaotoka hapo ni wa pupa. Kuna Jumatatu mimi na jamaa wa kaunta tulimwaga maji yote, tukasugua changarawe, sponji tukaiosha bombani mpaka ikawa nyeupe pee, tukajaza maji mapya moja kwa moja kutoka bombani, tukajipongeza. Tulichofanya ni kuwaua wale bakteria wote waliokuwa wameanza kujijenga, maana maji ya bomba yana klorini na klorini kazi yake ndo hiyo kuua vijidudu, na hiyo hiyo inawaunguza samaki. Wiki ile ndo ilikuwa mbaya kuliko zote. Kuna goldfish mmoja mwekundu alikuwa akiniona anasogea kwenye kioo, huyo naye akaenda, na sitaki kusema sana ila iliniuma kuliko nilivyotegemea, nikawa najifanya natafuta faili.

Siku nyingine uchovu ulipitiliza mpaka nikasema hii ni malaria. Huku kwetu ukiwa mchovu ni malaria mpaka uthibitishe vinginevyo. Nikaenda zahanati, kipimo hakina kitu, damu iko sawa, na yule dada daktari aliposikia nimekulia Ukerewe naoga ziwani akaagiza na kipimo cha choo kwa ajili ya kichocho, maana kichocho cha tumbo kiko sana ukanda huu wa ziwa na kinachosha mtu taratibu bila yeye kujua. Sikukutwa nacho, lakini nashauri, kama uchovu wako haumaliziki Jumatano, unaenda nao wiki nzima, usisome maushauri ya usingizi kwanza, kapime. Malaria, damu, kichocho, sukari. Wangu ulikuwa unaisha Jumanne jioni kila wiki, na hapo ndo daktari alipoanza kuniuliza maswali ya ajabu. Ijumaa unalala saa ngapi? Jumamosi unaamka saa ngapi? Jumapili je?

Nikamwambia ukweli. Ijumaa ni stori mpaka usiku mnene, Jumamosi kama hakuna sendoff basi kuna harusi au kikao cha harusi, Jumapili naamka mchana, nakula, nalala tena kuanzia saa nane mpaka kumi na moja jioni, halafu naenda kibanda umiza, mechi ya Uingereza ikiisha tunasubiri ya Hispania, ile ambayo huku inaanza saa nne au saa tano usiku. Narudi nyumbani saa saba usiku, nalala chali naangalia dari usingizi hakuna, saa kumi na moja alamu inalia.

Akacheka. Akasema, "Kaka wewe kila wikiendi unasafiri." Akanichorea kwenye karatasi, kwamba mwili una saa yake ndani, ukichelewa kulala na kuamka kwa masaa matatu siku mbili mfululizo hiyo saa inasogea nyuma, ni sawa na mtu aliyepanda ndege Ijumaa akaenda Accra, kule wako nyuma yetu masaa matatu, akaanza kuzoea, halafu Jumapili usiku anarudishwa Mwanza na kuambiwa amka kazini. Masaa ya kulala unaweza kuwa umeyajaza, hata umezidisha, lakini saa ya mwili imeachwa njiani. Baadae nikasoma kumbe kuna watafiti Ujerumani, mmoja wao Till Roenneberg, waliipa hali hii jina mwaka 2006, wakaiita jeti lagi ya kijamii.

Tiba yake haina gharama, inachosha kuifuata tu. Kubwa kuliko zote ni saa ya kuamka. Wikiendi siamki alfajiri kama mwehu, lakini sizidishi saa moja hivi juu ya muda wangu wa kawaida, hata kama nimechelewa kulala. Kama nina usingizi mchana nalala kidogo, dakika 20 hivi, kabla ya saa tisa, na naweka alamu maana bila alamu ile dakika 20 inazaa masaa matatu. Kafeini mwisho saa nane mchana. Na asubuhi natoka nje nipate mwanga, hii ilinishangaza, mwanga wa asubuhi machoni ndo unairudisha saa ya mwili mbele. Sisi tuna bahati, tuko karibu na ikweta, Mwanza mwaka mzima jua linatoka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, halibadiliki sana, wenzetu wa Ulaya kipindi cha baridi wanakwenda kazini gizani. Mechi za usiku wa Jumapili nimeacha, isipokuwa ile ya Real na Barca, hapo sitamdanganya mtu, naangalia na Jumatatu yake naipokea jinsi ilivyo.

Haikuwa muujiza. Wiki za kwanza niliona kama najinyima starehe bure, na washkaji walininanga sana. Lakini baada ya muda nikawa naamka Jumatatu kichwa chepesi, na ndo ikatokea Jumatatu moja nikafika ofisini mapema kabla ya kila mtu, na nikaona kitu ambacho miezi yote nilikuwa nafika nimechelewa kukiona. Tenki liko kimya. Pampu haitoi mapovu, maji yana harufu kama ya mtaro, na mzee wetu mlinzi ndo kwanza anapandisha swichi kubwa ya ukutani.

"Mzee shikamoo."

"Marahaba mwanangu, mwangaluka."

"Mzee, hii swichi huwa unaizima lini?"

"Ijumaa mkishatoka wote. Bosi alisema umeme usiliwe bure. Asubuhi ya leo nawasha kabla hamjaja, ili mkute kuko sawa."

Nilikaa chini kwenye kiti cha wateja. Mzee wa watu hana kosa lolote, anatekeleza alichoambiwa, tena kwa uaminifu. Kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni kama masaa 60 pampu imezimwa. Maji yasipopita kwenye sponji, wale bakteria wanaishiwa hewa ndani ya masaa machache na wanaanza kufa, uchafu uliomo unaoza, halafu ukiwasha, ule uozo wote unasukumwa ndani ya tenki. Na kumbe dada wa usafi naye, kwa huruma zake, Ijumaa alikuwa anawatupia kiganja kizima cha chakula, wasikae na njaa siku mbili. Samaki mkubwa mwenye afya anakaa wikiendi nzima bila kula na hapati shida yoyote, chakula kinachobaki ndo shida.

Nikamwendea bosi na hesabu. Pampu yetu ni wati 5. Mara masaa 60 ni wati-saa 300, yaani uniti 0.3 ya LUKU. Uniti moja haifiki hata nusu! Samaki waliokufa walikuwa na thamani ya uniti za miezi mingapi, hiyo sikumuuliza, nilimwachia apige mwenyewe. Tukaweka soketi ya pembeni isiyoguswa na swichi kubwa, na mimi nikabandika karatasi, USIZIME, SAMAKI. Wewe kama umeme wako unakatika mara kwa mara nunua pampu ndogo ya betri, na kama imezimika masaa mengi, kabla hujawasha toa sponji uikamue kwenye ndoo yenye maji uliyoyachota ndani ya tenki lenyewe. Usiioshe bombani.

Ningeishia hapo stori ingekuwa tamu, ila ugonjwa wenyewe hasa ulikuja Julai, kile kipindi usiku kunakuwa na kibaridi. Bosi alipewa samaki na rafiki yake Jumamosi, akapita ofisini akawamimina pamoja na maji ya mfuko. Katikati ya wiki nikaona moli wanajisugua kwenye mawe, kesho yake mwili mzima una vidoa vyeupe utadhani wamenyunyiziwa chumvi. Jamaa wa kaunta akaja na vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa, avifungue amimine. Nikamzuia, na safari hii nilikuwa na akili timamu. Vidoa vile ni kimelea, kinaitwa Ichthyophthirius, wafugaji wanakikata wanasema ik, siyo bakteria, na antibayotiki haikigusi, itakachoua ni bakteria wazuri wa filta.

Huyu mdudu ukielewa maisha yake umemaliza nusu ya kazi. Kile kidoa kiko chini ya ngozi ya samaki, pale dawa haimfikii. Akishiba anadondoka chini kwenye changarawe, anajifunika, anajigawa mpaka mamia, halafu wale watoto wanatoka kuogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa. Dawa inawaua hawa wanaoogelea tu. Ndo maana watu wanaweka dawa siku moja, vidoa vinapotea, wanafurahi, baada ya siku chache vinarudi mara kumi. Vidoa kupotea maana yake wamedondoka kuzaana. Unaendelea na tiba mpaka vidoa viishe, na baada ya hapo unaongeza wiki nyingine.

Nilipandisha joto polepole kwa hita, nyuzi moja kila baada ya masaa kadhaa, mpaka karibu 30, kwa sababu maji ya moto yanaharakisha mzunguko wake na kwenye 30 anashindwa kuzaana vizuri. Ila maji ya moto yanabeba hewa kidogo, kwa hiyo ongeza mapovu, na pima amonia kwanza maana kwenye joto inakuwa kali zaidi. Na chumvi. Kwanza ujue tenki lina lita ngapi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1000, unapata lita. Letu ni 90 kwa 40 kwa 45, yaani 162, ukitoa mawe na nafasi ya juu niliweka kama lita 140. Gramu 2 kwa lita, gramu 280, nikaiyeyusha kwenye ndoo na kuimimina kidogo kidogo siku mbili. Chumvi haipotei na mvuke, kwa hiyo ukijazia maji yaliyopungua usiongeze chumvi, unaongeza tu kwa yale uliyoyatoa. Kama una samaki wa jamii ya kambare humo kuwa makini, chumvi wanaivumilia kidogo sana. Nilikuja kuongeza na dawa yenye malakaiti kijani, niliagiza Dar ikaja kwa basi, bei yake iliniuma na nauli ya kifurushi juu. Ukiitumia toa mkaa kwenye filta maana unainyonya, vaa glavu, na samaki aliyepitia dawa hiyo haliwi kamwe, naisema hii kwa sababu tuko Mwanza na mtu anaweza kuona goldfish mkubwa akapata mawazo.

Tuliwapoteza wachache, wengi wakapona. Sasa hivi samaki mgeni anakaa kwenye beseni la pembeni wiki 4 na pampu yake, hata akiletwa na bosi mwenyewe, na alikubali. Maji ya kubadilishia yanakaa kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke, na kazi yote ya kubadilisha, robo ya maji kila wiki, nimeihamishia Jumatano. Jumatatu nawaangalia tu, nawahesabu, nachovya kipimo, amonia sifuri, naitraiti sifuri, nakunywa chai yangu. Hata nikikuta kitu hakiko sawa natoa maji theluthi, nasitisha chakula, naongeza hewa, mengine yote kesho yake. Kuna wateja walinishauri nichote maji ziwani ni ya bure, usithubutu, unaleta vimelea na konokono wanaobeba kichocho kile kile ndani ya ofisi.

Bosi sasa anataka furu. Amesikia kuna yule mwekundu wa kwenye mawe ya visiwa vya hapa ghuba ya Mwanza, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye Wazungu wanamfuga kwenye matenki yao huko kwao na sisi wenyewe hatumjui. Nimemwambia tukaulize kwanza TAFIRI, wale wa utafiti wa uvuvi, au pale chuo cha uvuvi Nyegezi, siyo kutuma mtoto na ndoo, na furu akija anahitaji tenki lake, atawapiga hawa gapi mpaka waishe.

Mawili ya mwisho. Kama una kidonda mkononi usiingize mkono kwenye tenki bila glavu, kuna bakteria wa samaki wa ukoo wa kifua kikuu anayeacha vidonda visivyopona haraka. Na ukichoka kufuga, tafuta wa kumpa, usiende kuwamwaga ziwani. Sangara naye aliletwa na watu miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 furu wa aina kwa aina walishaanza kupotea, waulize wazee wa soko la samaki la Mwaloni watakuambia.